Kitufe cha maiki kwenye rimoti ni cha nani?

Shikamooni wazee wangu, habari zenu ndugu zangu, asanteni kwa kubaki mpaka sa hizi maana najua pilau limeshanukia huko nyuma na watoto wameanza kuzunguka zunguka. Mwenyekiti aliponipigia akaniambia njoo uongee kuhusu mambo ya TV, nikamuuliza TV kivipi, akasema zile simu watu wanakupigia kila wikendi, ongelea hizo. Basi nimekuja na kitu kimoja tu, kile kitufe chenye picha ya maiki kwenye rimoti, maana nusu ya simu zenu zinatoka hapo.

Naanza na shangazi yangu. Yupo pale, nimemuomba ruhusa. Shangazi ana miaka 74, vidole vyake vina baridi yabisi, na wale mnaojua kuandika neno kwenye TV mnajua shida yake, ile kibodi ya kwenye kioo unasogea herufi moja moja kwa mishale, kulia kulia chini OK, ukipitiliza unarudi, mpaka umalize kuandika neno kwaya mkono umeshakufa ganzi. Kwa hiyo kwake yeye kile kitufe cha maiki si urembo, ndo mlango wa TV. Bila hicho TV ni ukuta tu mweusi.

Sasa Jumapili moja hatukwenda kanisani, theluji ilikuwa mpaka magotini hapa Ohio, shangazi kakaa na kanga yake mabegani yuko ndani ya YouTube anaangalia kwaya ya Arusha. Wimbo ukaisha. Akabonyeza maiki akasema taratibu kabisa, "kwaya ya Moshi." TV ikamtoa nje ya YouTube, ikamleta kwenye ukurasa wa kile kifaa chenyewe (kampuni siitaji), ikapanga picha za filamu za Kizungu ambazo majina yake yalifanana fanana na kile ilichodhani imesikia, na ya kwanza kabisa pale mbele ilikuwa ya kukodi kwa dola 3.99. Shangazi anajua OK ni kuendelea, akabonyeza OK, kadi yangu ilikuwa imeshahifadhiwa mle, ikakubali. Niliporudi kutoka kufagia theluji nimemkuta kaweka rimoti mapajani ananiangalia, ananiambia "mwanangu nimeharibu TV."

Hakuharibu kitu shangazi. Nataka niwaeleze kwa nini TV ilifanya vile, maana watu wengi wanafikiri ni mtambo umekosea, kumbe kwa sehemu kubwa ni makubaliano, kuna watu walikaa mezani wakabishana ukibonyeza maiki nani ajibu, na ugomvi wenyewe umeshafika mpaka kwenye masikio ya maseneta wa nchi hii.

Hebu tuelewane kwanza kinachotokea. Ukibonyeza ile maiki sauti yako haibaki sebuleni, inapitia intaneti inakwenda kwenye seva, huko inageuzwa kuwa maandishi, halafu programu inajaribu kukisia unataka nini, filamu, wimbo, kuongeza sauti, au kufungua apu fulani. Ikishakisia inakwenda kwenye orodha. Na hii orodha ndo muhimu, maana kila mwenye apu anamkabidhi mwenye kifaa orodha ya vitu alivyonavyo na njia ya kuvifungua moja kwa moja, asipokabidhi hayumo, akikabidhi nusu anaonekana nusu. Halafu mwenye kifaa anapanga nani atangulie. Ukiwa unasoma orodha kwa macho unaweza kushuka chini ukatafuta chako, ila ukiwa umeuliza kwa mdomo, hasa ukisema "cheza wimbo," orodha inapotea, panabaki jibu moja. Anayetoa hilo jibu moja ndo kakuchagulia. Ndo maana wanagombana ndugu zangu, sio kwa sababu ya kitufe, ni kwa sababu ya hilo jibu.

Ugomvi mkubwa kuliko yote kwenye jambo hili ulikuwa 2021, Roku na Google. Roku wengi wenu mnayo nyumbani, ni kampuni ya California inayotengeneza vifaa vya kuangalizia intaneti kwenye TV, ilianzishwa 2002 na Anthony Wood, na neno lenyewe ni sita kwa Kijapani kwa sababu ilikuwa kampuni yake ya sita. Kifaa chao cha kwanza cha kuangalizia kilitoka 2008 kikiwa na Netflix, na mpaka robo ya kwanza ya 2021 walikuwa na akaunti zaidi ya milioni 53 zinazotumika. Google wao wana YouTube, na wana YouTube TV ambayo ni kama kebo ya kwenye intaneti, ilianza 2017 kwa dola 35 kwa mwezi na kufikia 2021 ilikuwa dola 64.99.

Mwisho wa Aprili 2021 watu wakaamka wakakuta imeil kutoka Roku, inawaonya kwamba YouTube TV inaweza kuondoka. Roku wakasema wazi wazi Google wanadai vitu ambavyo sisi hatuwezi kukubali. Nawaomba mvisikilize kimoja kimoja maana kila mtu anavichanganya. Kwanza, wanataka YouTube iwe na mstari wake peke yake kwenye matokeo ya utafutaji wa Roku, mahali pa kuonekana. Pili, mtu akiwa ndani ya YouTube akatafuta kwa sauti, matokeo ya apu nyingine yasitokee. Tatu, mtu akiomba wimbo kwa sauti wakati YouTube imefunguliwa, ipewe YouTube Music, hata kama yule mtu kwenye setingi zake alishachagua apu nyingine ya muziki. Na kulikuwa na la vifaa, Google walitaka vifaa viwe na chipu inayoweza kufungua mfumo wa kubana video unaoitwa AV1, Roku wakasema hilo litapandisha bei ya vifaa vyao vya bei nafuu.

Google wakakanusha. Wakasema madai hayana msingi, hatujaomba data za watumiaji wala hatujaomba kuingilia matokeo ya utafutaji, wakasema Roku wanatumia mkataba wa YouTube TV kutaka kujadili upya mkataba wa YouTube yenyewe ambao ulikuwa bado haujaisha, na kwamba hiyo ndo tabia ya Roku kwa kila anayefanya naye biashara. Aprili 30 YouTube TV ikatolewa kwenye duka la Roku, waliokuwa nayo wakabaki nayo, wapya wakakosa. Wiki moja baadae Google wakaiingiza YouTube TV ndani ya apu ya kawaida ya YouTube, mlango wa nyuma kabisa, na Roku wakawaka wakawaita Google mhodhi asiyekuwa na wa kumdhibiti.

Ikaendelea hivyo mpaka Oktoba, Roku wakatangaza kwamba kuanzia Disemba 9 hata YouTube yenyewe haitapatikana kwa wateja wapya. Wakati huo huo CNBC, wale wa habari za biashara, wakaripoti imeil ya 2019 ya mtu wa Google kwenda Roku inayosema kuwa rafu ya YouTube peke yake kwenye matokeo ya utafutaji ni lazima. Lazima, ndo neno. Yaani lile la kwanza lililokanushwa Aprili lilikuwa limeandikwa miaka miwili nyuma. Roku wakalikamata lile, Seneta Amy Klobuchar akalisemea, yeye na Seneta Grassley mwezi huo huo walikuwa wameingiza muswada wa kuzuia makampuni makubwa kujipendelea kwenye majukwaa yao, muswada ukapita kamati ya sheria Januari 2022 halafu haujawahi kupigiwa kura na Seneti nzima. Na kuhusu ule ugomvi wenyewe, Disemba 8, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho, wakatangaza wamekubaliana, mkataba wa miaka kadhaa. Masharti hawakuyatangaza.

Hapo ndo pananiuma mimi. Zaidi ya miezi saba watu wanarushiana barua hadharani, wanatuandikia sisi wateja imeil za kutuomba tuwe upande wao, halafu siku ya kumaliza wanafunga mlango. Lile la mstari wa YouTube likaishaje? Lile la muziki likaishaje? Mteja ambaye walimuita kuwa shahidi hakuambiwa hukumu.

Sasa niseme ninachoamini, na mtu yeyote hapa anaruhusiwa kunipinga. Yale madai matatu siyo kitu kimoja.

Lile la pili, la kuwa ndani ya YouTube ukitafuta kwa sauti majibu yabaki ya YouTube, mimi naona Google walikuwa na hoja. Mkumbukeni shangazi. Alikuwa ndani ya YouTube, anaangalia kwaya, akauliza kwaya, kwa akili ya kawaida ya binadamu ukiwa dukani kwa Mangi ukauliza sukari unamuuliza Mangi, huulizi soko zima. TV ikamtoa nje ikampeleka kwa wenye filamu za kukodi. Kuna watu watasema lakini labda alitaka kuangalia kote, sawa, basi aulizwe mara moja, hapa ndani au kote, na jibu lake likumbukwe. Hicho siyo kitu kigumu kutengeneza, mi nafanya kazi na hivi vifaa kila siku, najua si kigumu.

Lile la tatu, la muziki, hapana. Hapo Roku walisimama mahali sahihi na nitawatetea popote. Mtu kaingia kwenye setingi, kachagua kwa mkono wake kwamba nikisema cheza wimbo nichezee kwenye apu hii, pengine analipia kila mwezi, pengine ndo yenye nyimbo zake za harusi alizopanga miaka. Halafu kampuni mbili zinakaa mbali huko zinajadili kupindua neno lake. Setingi ni neno la mwenye nyumba. Kama nimeshasema, nimeshasema.

Na lile la kwanza, la mstari wa peke yake, linategemea. YouTube ina vitu ambavyo hakuna apu nyingine inavyo, hasa kwetu sisi, mahubiri ya Kiswahili, seben, taarab, mechi za mtaani mtu karekodi kwa simu, michezo ya kuigiza ya Lubumbashi, hivyo havimo kwenye orodha za filamu, kwa hiyo YouTube isipoonekana kwenye matokeo sisi ndo tunaopotea. Lakini mstari uliolazimishwa kwa mkataba, uwepo hata pale mtu anapotafuta kitu ambacho YouTube hawana, au wanacho cha kukodi wakati kwingine ni bure, huo ni kujinunulia foleni.

Nisije nikaonekana nimekuja kuwapigia debe Roku. Roku nao wana mkono mzito. Kuna apu za filamu, Peacock ilizinduliwa Julai 2020 haikuwemo kwenye Roku mpaka Septemba, HBO Max ilizinduliwa Mei 2020 ikakaa nje ya Roku mpaka Disemba, yote kwa kugombania pesa na matangazo. Ni kampuni inayopata fedha zake nyingi kwenye matangazo na makato ya apu, sio kwenye kile kifaa unachonunua dukani, na vile vitufe vyenye majina ya apu kwenye rimoti yako vinalipiwa na wenye apu. Kwa hiyo mtu wa Roku akikwambia utafutaji wetu hauna upendeleo, msikilize, na umuulize vilevile ule ukurasa wa mwanzo mbona umejaa matangazo.

Na wala hawakuwa wa kwanza hao. Amazon na Google waligombana miaka. 2015 Amazon waliacha kuuza Chromecast, kifaa cha Google cha kuangalizia, kwenye duka lao, wakasema itawachanganya wateja kwa sababu haina Prime Video, apu yao ya filamu. Septemba 2017 Google wakaitoa YouTube kwenye Echo Show, ile spika ya Amazon yenye kioo ambayo unaiambia kwa mdomo nionyeshe video, wakasema Amazon wameiweka YouTube kwa namna yao, haina mapendekezo wala uwezo wa kufuata chaneli. Ikarudi Novemba, ikatolewa tena Disemba, na Fire TV, kifaa cha Amazon cha kuangalizia, nayo ikakatwa mwisho wa mwaka ule, watu wakawa wanapitia kwenye brauza kuangalia YouTube kama wezi nyumbani kwao. Mpaka Julai 2019 ndo ikarudi rasmi kwenye Fire TV. Mwaka na nusu! Nilikuwa na mteja wangu mmoja, mzee wa Bukavu, alinunua kile kifimbo cha Fire TV kwa ajili ya mahubiri tu, akakaa muda wote ule nacho kwenye droo.

Upande wa muziki, Machi 2019 Spotify, wenye apu ya muziki, walipeleka malalamiko Tume ya Ulaya dhidi ya Apple, na kati ya waliyolalamikia ni kwamba mtu hawezi kumwambia Siri, msaidizi wa sauti wa Apple, acheze Spotify. Ilipofika iOS 13, mfumo mpya wa iPhone, mwezi wa tisa mwaka huo Apple wakafungua njia kwa apu nyingine za muziki kutumia Siri. Na aliyekuwa mkuu wa Sonos, kampuni ya spika, Patrick Spence, Januari 2020 alisimama mbele ya wabunge kule Boulder, Colorado, akawaeleza kwamba spika zao zinaweza kuwa na wasaidizi wa sauti wawili kwa wakati mmoja, umuite huyu au yule unavyotaka, ila Google walikuwa hawaruhusu. Fikirieni, uwezo upo, spika umeinunua wewe, ila ulikuwa huruhusiwi kuita majina mawili sebuleni kwako.

Kuna upande wetu ambao kwenye mabishano haya yote sikuwahi kusikia mtu anauleta, lugha. Google waliweka Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti tangu Agosti 2017, Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, na Mozilla, wenye brauza ya Firefox, 2021 walitangaza dola milioni 3.4 za kukusanya sauti za Kiswahili kwenye mradi wa Common Voice, watu wa kawaida kabisa wanasoma sentensi kwenye simu ili mitambo ijifunze. Kwa hiyo kuna mlango ambao shangazi akisema Moshi anaeleweka ni Moshi ile ya Kilimanjaro. Ila mwenye kifaa akishachukua kile kitufe kikawa chake peke yake, na sikio lake halijui Kiswahili, basi hata kama apu iliyo ndani inakijua haitapata nafasi ya kukusikia. Hapa ndo naona jambo hili ni letu kabisa. Mmarekani akinyang'anywa jibu anabaki na jibu lingine la Kiingereza, hajapotea sana. Shangazi akinyang'anywa anabaki na rimoti mapajani.

Ningekuwa na nafasi ya kuwaambia hao wakubwa ningewaambia hivi, maiki ikibonyezwa ndani ya apu, apu ipewe nafasi ya kusikiliza kwanza, mimi nikiruhusu. Setingi niliyoweka isiguswe na mkataba wowote. Na jibu likiwa limelipiwa au limewekwa mbele kwa makubaliano, liandikwe hapo hapo kwa herufi ambazo mtu wa miaka 74 anaweza kuziona, na lisipokee OK moja kukata hela kwenye kadi.

Hilo la mwisho hatusubiri mtu, tunalifanya leo. Niliwaambia mje na rimoti na majina ya akaunti zenu, nimeona wengi mmekuja nazo kwenye mikoba. Nitakaa meza ile ya dirishani baada ya chakula. Tutaanza na namba ya siri ya manunuzi, ile ya tarakimu nne inayoombwa kabla ya kukodi kitu chochote, kwa shangazi nimeshaiweka na tangu siku ile haijakatika hata senti. Halafu tutaangalia apu yako ya muziki imechaguliwa ipi, wengi mtashangaa haijachaguliwa na nyie. Wenye simu zinazoweza, nitawaonyesha namna ya kuunganisha simu na TV ili uongee Kiswahili kwenye simu halafu video itokee kwenye TV, hiyo inapita pembeni ya maiki ya rimoti kabisa. Wazee watangulie. Shangazi, njoo na kiti chako ukae karibu na mimi, utawaonyesha wenzio pale pa kubonyeza maana wewe umeshapajua.